Pini ya Kinyume

Ukimpelekea Mzee Mabeji beji, hatazami uso wake. Ataigeuza kwanza, aishike kwa ncha za vidole viwili, ainamishe kichwa chini ya taa ya mezani, na hapo ujue mazungumzo yenu yamekwisha, sasa anazungumza na bati. Uso, husema, hudanganya. Usoni kuna mgombea anayecheka, au mtoto aliyekwisha kuchanjwa, au ng'ombe na maneno ya kuwahimiza watu wanywe maziwa. Mgongoni kuna kutu, pini, na alama ya mashine, na hakuna aliyeutengeneza mgongo ili umpendeze mtu.

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Alikuwa karani wa posta miaka thelathini na mmoja, na kazi yake kubwa ilikuwa kutazama mihuri. Mtu akija dirishani na machozi yake, akiapa kwamba barua ilitumwa mwezi uliopita, yeye alitazama muhuri akamwambia imetumwa juzi, na muhuri ndio ulioshinda. Ukifanya kazi hiyo miaka yote hiyo, midomo ya watu huanza kukuchosha. Alipostaafu, mkewe alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, watoto wako mbali wanapiga simu mara moja kwa mwezi, na yeye akabaki katika nyumba ya vyumba viwili na beji elfu tatu na mia nne.

Katika kimoja alilala. Cha pili kilikuwa cha beji. Kuta zote nne zilikuwa na mbao zilizovikwa kitambaa cha mahameli nyeusi, na juu ya mahameli beji zimepangwa kwa mwaka, kila moja na kikaratasi chake kilichoandikwa kwa mwandiko ule wa posta usioruhusu herufi kulala. Majirani walisema mwizi akiingia mle atatoka mwenyewe kwenda hospitali kuchomwa sindano ya pepopunda. Mgeni alikalishwa katikati ya chumba kwenye kiti kisicho na mgongo, ili asiegemee historia.

Na historia alikuwa nayo, tusimnyime haki yake. Angekuonyesha beji mbili za kampeni ya chanjo, akuulize tofauti. Ya mwaka wa kwanza muuguzi ameshika sindano, ya mwaka wa pili ameshika ua, kwa sababu watoto walikuwa wakiiona ile sindano kwenye kifua cha mwalimu wanaruka dirishani. Angekuonyesha ya mgombea mwenye kofia, aliyeshindwa vibaya hata beji zake zikapelekwa shule za msingi kufundishia kuhesabu. Kisha angesema msemo wake aliousema kwa kila mgeni, kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliusema vizuri sana. Ila katika miaka yote ya kuusema, hakuwahi kwenda kumtazama hata mmoja wa waliounda.

Katikati ya ukuta unaotazamana na mlango kulikuwa na safu ya beji za mgomo. Beji nyeupe, kibiringo cheusi cha uzi, na chini yake neno moja: Hatutoki. Miaka arobaini iliyopita wafanyakazi wa kiwanda cha nguo walizima mitambo, wakakaa chini kati ya mashine, wakabandika beji hizo vifuani na kusema hawatoki mpaka wasikilizwe. Walikaa siku tatu. Siku ya tatu alasiri mtu akafungua lango la nyuma kwa ndani. Askari walioingia waliingia na marungu na bunduki, na watu kumi na tisa hawakutoka kweli.

Nani alifungua? Swali hilo lilikaa katika mji ule miaka thelathini. Mwishoni askari mmoja mstaafu alihojiwa redioni, akasema kwamba watu wao mle ndani waliwajua kwa beji. Mtangazaji akamwuliza kwa vipi. Akacheka, akasema hayo yaacheni, na mwaka huohuo akafa. Kamati ya kumbukumbu ikabaki na nusu ya jibu, na nusu ya jibu huwasha kuliko kutojua kabisa. Wakamwendea Mzee Mabeji.

Wakati huo alikuwa na beji za mgomo ishirini na sita, kila moja na jina la aliyeivaa kwenye kikaratasi chake. Alizilaza zote kifudifudi mezani, akavaa miwani, akashika kioo cha kukuzia, na siku ya nne akaona. Ukishika beji uso ukiwa wima kisha ukaigeuza, kichwa cha pini hukaa kushoto na ndoano yake kulia. Ishirini zilikuwa hivyo. Sita zilikuwa kinyume. Mashine ileile, bati lileile, wino uleule, lakini pini imegeuzwa. Alikaa kitini huku moyo unamwenda mbio, na nisiseme uongo, ilikuwa furaha. Mtu aliyekusanya vitu maisha yake yote huisubiri siku kama hiyo, na wengi hufa hawajaiona.

Akaandika kurasa mbili katika kijitabu cha kumbukumbu ya mwaka wa thelathini. Akachora pini zote mbili. Akaeleza kwamba hii ya kinyume ndiyo alama ya vibaraka, wapate kutambuana kwa kugeuza ukosi wa koti. Na kwa kuwa alikuwa amezoea watu wa dirishani na maelezo yao, akamalizia kwa sentensi iliyopendwa mno na wasomaji: Mwenye pini ya kinyume hakosi maelezo.

Kijitabu kikasomwa na kukaririwa. Siku ya kumbukumbu, langoni mwa kiwanda, watu wakaanza desturi ambayo haikuwahi kuwapo. Kabla ya kupeana mkono, mtu alimnyanyulia mwenzake ukosi akatazama nyuma ya beji. Mwanzoni kwa utani. Mwaka uliofuata kwa utani mdogo zaidi.

Siku hiyo ya kwanza kamati ilimwekea Mzee Mabeji meza na kiti karibu na lango, familia zilete beji zao azisome. Walipanga mstari. Mjane wa mpaka rangi alileta ya mumewe, ikawa sawa, akalia kwa kushukuru. Akafuata fundi mitambo mmoja mrefu, aliyevaa koti la kahawia, akitabasamu, maana aliyeketi mezani alikuwa kaka wa mkewe. Kiwandani kote alijulikana kwa jina la Spana. Alikuwa ndani siku zote tatu, na ile alasiri alivunjwa mfupa wa bega ambao haukuunga vizuri tena. Hakuivua beji. Aliinama tu juu ya meza, akanyanyua ukosi wa koti, akasema, "Haya shemeji, nisome na mimi."

Mzee Mabeji alitazama kwa kioo. Akaona ya saba.

Hapo ndipo ilipo dhambi yake, na yeye mwenyewe ameirudia kichwani mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Alisema, "Hii ni ya kinyume," kwa sauti kubwa na ya shangwe, kabla hajakumbuka ni koti la nani. Mstari mzima ulisikia. Angeweza kusema kutu imekula, hasomi vizuri. Angeweza kukohoa. Lakini ulimi hauna mfupa, na wa kwake siku hiyo ulikuwa wa mkusanyaji aliyepata nyingine.

Mkewe Spana, dada yake wa tumbo moja, aliyezaliwa baada yake tu, alikuwa amesimama hatua mbili nyuma. Alisogea akasema maneno fulani, kwa utaratibu kabisa, na Mzee Mabeji akamjibu kwamba uchungu unamsemesha. Mwenyekiti wa kamati akaichomoa beji kwenye koti, akaiweka mezani kama ushahidi, na jioni ushahidi ukaenda kukaa juu ya mahameli, kwenye safu ya chini, na kikaratasi chake: Ya kibaraka. Nadra.

Yaliyomfika Spana hayakuwa na kelele. Hakupigwa, hakutukanwa. Waliokuwa wakimwita kutengeneza mashine zao za kusaga wakapata fundi mwingine. Salamu zake zikawa zinaanguka njiani. Mwaka uliofuata alikwenda kwenye kumbukumbu akiwa na koti lake lisilo na beji, akaketi kwenye benchi la watu sita, na watano waliokuwapo wakakumbuka kwamba wana shughuli upande wa pili. Aliketi peke yake mpaka hotuba zikaisha na spika zikaanza kufungwa. Miaka minne baada ya kusomwa beji yake akafa kwa kifua, daktari alivyosema. Mazishini walikuwapo watu wanane, na wanne kati yao ni wachimba kaburi. Mzee Mabeji hakwenda. Tangu siku ile ya meza, dada yake hakukanyaga kwake wala yeye kwa dada yake, na kati ya nyumba zao kuna mitaa miwili tu.

Sasa ulikuwa unakuja mwaka wa arobaini. Kamati ilikuwa imejenga ukuta kwenye lango la kiwanda, na juu yake majina yote ya waliokaa siku tatu, wazima na wafu, mia mbili na zaidi. Majina saba yaliachwa, ya wenye zile beji saba za kinyume, la Spana likiwemo. Wiki tatu kabla ya ukuta kufunuliwa, mwanamke mmoja alibisha hodi kwa Mzee Mabeji na mkokoteni nyuma yake.

Alikuwa dobi, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, mikono imepauka kwa sabuni. Alijitambulisha kuwa binti wa yule fundi aliyekuwa akigonga beji nyuma ya soko. Baba yake alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Yeye aliolewa mbali tangu ujana, huku alikuja kuzika na kufungasha, na alikuwa ameambiwa yupo mzee anayependa vitu hivi. Mkokotenini palikuwa na mashine ya kugongea beji, chuma kizito chenye mkono mrefu, na boksi la mabati, nailoni na pini zilizobaki. Hakutaka malipo, alitaka nafasi ndani ya nyumba.

Mzee Mabeji aliona haya kidogo kusikia fundi alikuwa hai mpaka juzi. Nyuma ya soko ni mwendo wa dakika kumi. Dobi alimwambia baba yake alikuwa kitandani miaka mingi, akili zake timamu, hajui kusoma, na alifurahi sana mtu akija kumwongelesha kuhusu kazi. Mzee Mabeji akasema pole, akawaelekeza wabebaji waiweke mashine mezani, na kwa kuwa udadisi ulimzidi, akamwomba dobi amwonyeshe inavyogonga.

Dobi alicheka, akasema miaka arobaini hajaigusa. Lakini mikono haisahau. Alichukua bati, akaweka juu yake kipande cha gazeti alichokikata mviringo, akafunika kwa nailoni, akashusha mkono wa mashine. Kisha akaokota mgongo wenye pini, akaupachika, akabonyeza tena. Beji ikaruka kwenye kiganja chake na akampa mwenyeji wake. Mzee Mabeji, kama ilivyo ada, akaigeuza.

Kichwa cha pini kilikuwa kulia.

Aliomba agonge nyingine. Safari hii hakutazama beji, alitazama mikono. Dobi aliokota ule mgongo kwa mkono wa kushoto, akaupachika kwa mkono wa kushoto, na akashusha chuma kwa kushoto. Ilipotoka, Mzee Mabeji aliishika muda mrefu kabla ya kuigeuza, maana alikwisha kujua. Akamwuliza, polepole, kama aliwahi kugonga beji za kibiringo.

"Zile za kiwandani?" dobi akasema. "Si ndizo zilizonitoa malengelenge. Baba alianza mwenyewe kabla ya mgomo, kesho yake akamwagikiwa na maji ya moto mkononi. Nikamalizia mimi, kama hamsini hivi, toka asubuhi. Aligomba sana jioni. Aliniambia, wewe mashoto, pini umezikalisha kinyume, watu watajichoma. Lakini walikuwa wamejaa mlangoni wanazisubiri, wakazichukua hivyohivyo."

Mzee Mabeji aliilaza ile beji mezani kifudifudi. Dobi aliona uso wake ukibadilika rangi, akauliza kama mashine ina kasoro. Akamjibu kwamba mashine haina kasoro.

Alipoondoka, mzee alikaa kwenye kile kiti chake cha wageni kisicho na mgongo. Mbele yake ilikuwapo safu ya chini, beji saba, na vikaratasi saba kwa mwandiko wake mzuri. Alisikia aibu, na chini ya aibu hofu, na chini ya hofu kitu kibaya zaidi. Kwa dakika chache, naomba uniamini, aliwaza kwamba dobi anaondoka Jumatatu na hakuna mwingine ajuaye. Wazo hilo lilikaa naye mpaka chai ikapoa. Halafu akanyanyuka, akaving'oa vikaratasi vyote saba, na kesho yake asubuhi akaenda na dobi kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa mtu mwema. Nalisema hili kwa sababu itadhaniwa vingine. Kaka yake alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa. Aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho, akamshukuru dobi, akamwomba asubiri nje kidogo. Kisha akauliza, kama si hao saba, ni nani aliyefungua lango. Mzee Mabeji akasema hajui. Mwenyekiti akasema na yeye hajui, na alikuwa hajui kwa miaka thelathini, na hiyo miaka thelathini alikuwa anamtazama kila mtu anayemuuzia mkate.

"Wewe ndiye uliyetupa jibu, mzee," alisema. "Watu wakalala usingizi. Sasa nisimame mbele yao siku ya ukuta niwaambie jibu lilikuwa mkono wa kushoto wa msichana?"

Akaahidi kulitia jambo hilo kwenye ajenda, baada ya sherehe. Majina yalikwisha kuchongwa. Mzee Mabeji alimkumbusha kwamba ukuta una nafasi chini. Mwenyekiti akasema ataliangalia, kwa namna ile ambayo karani yeyote wa zamani anaielewa.

Ilimchukua siku tisa kuvuka mitaa miwili. Alifika mchana, amevaa vizuri, na mfukoni amefunga beji ya Spana katika kitambaa. Dada yake alifungua mlango akasimama katikati yake. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Hakusema karibu, wala hakusema ondoka, kwa hiyo Mzee Mabeji aliyasema yote palepale kizingitini, kuanzia mkokoteni mpaka Mwenyekiti. Dada alimwacha amalize.

"Unakumbuka nilichokwambia siku ile mezani?" aliuliza.

Alikumbuka. Lakini alitaka kulisikia neno lile tena, au alitaka dada yake alitue, na dada akalitua.

"Nilikwambia, lango la nyuma lilipofunguliwa mume wangu alikuwa dirisha la mbele ananirudishia sufuria. Nilikuwa nimemshika vidole kwenye nondo. Nikaona macho yake yanageuka kutazama nyuma, na hakujua ni nini. Nilikwambia hivyo, Kaka. Bati lilisema, ukaliamini. Mimi tumbo moja na wewe nilisema, ukasema nina uchungu."

Mzee Mabeji akasema amekosa. Akasema tena. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, na huyu alikuja amekwisha kuota ndevu. Dada hakumjibu kuhusu msamaha. Aliingia ndani, akarudi na lile koti la kahawia, limefuliwa na kupigwa pasi, na kwenye ukosi wa kushoto palikuwa na vitundu viwili vidogo vyenye duara la kutu. Alimnyooshea. Mzee Mabeji aliifungua ile beji kwenye kitambaa, akajaribu kuipachika, na kwa kuwa pini ilikuwa kinyume vidole vilikosea njia akajichoma, na damu kidogo ikaingia kwenye kitambaa cha koti. Alijaribu tena. Pini ikapita katika vitundu vyake vya zamani bila kutafuta.

"Sasa livae," dada alisema. "Siku ya ukuta uende nalo. Ukae mpaka mwisho. Yeye alikaa mpaka mwisho. Kisha uniletee koti langu."

Siku ya ukuta ilikuwa na jua kali. Koti lilimpwaya mabegani, na bega moja lilikuwa limeshonwa chini kidogo kuliko jingine, kufuata mfupa ulioharibika. Mfukoni Mzee Mabeji alikuwa na karatasi thelathini alizoziandika kwa mkono, zote sawa neno kwa neno, zikieleza mashine, dobi, na kosa lake yeye. Aliziandika siku nzima na vidole vilimuuma.

Langoni alisimama msimamizi, mtu wa miaka kama thelathini, amevaa beji mpya kubwa ya kumbukumbu. Mgomo ulipotokea hata baba yake alikuwa bado hajamwoa mama yake. Alimwona mzee wa beji, akatabasamu kwa heshima, akamnyanyulia ukosi kwa desturi, huku mkono mwingine umekwisha kunyooshwa kwa salamu. Akaona. Mkono wa salamu ukarudi mfukoni.

Mzee Mabeji alimwambia kwamba ni kosa, kwamba ipo sababu, kwamba aliyezigonga alikuwa msichana mashoto, na yeye mwenyewe ndiye aliye... Alimnyooshea karatasi. Msimamizi hakuipokea. Alionekana kumhurumia kweli.

"Mzee," alisema taratibu, "si wewe uliyeandika kwamba mwenye pini ya kinyume hakosi maelezo?"

Mzee Mabeji alipita. Habari ilimtangulia, kama habari zifanyavyo. Watu aliowajua miaka yote, waliokaa kwenye kiti chake na kucheka habari za muuguzi na sindano, walitazama vifua vya wenzao alipopita. Mjane wa mpaka rangi alimwona akageuka kurekebisha kilemba. Aliwapa karatasi watu kumi na wanne. Mmoja aliikunja yake bila kusoma, akajipepea. Kwenye safu ya tatu lilikuwapo benchi la watu sita lenye watu wanne. Alipoketi mwisho wake, wale wanne wakaondoka mmojammoja, kwa adabu, kila mmoja na kisingizio chake. Wa mwisho alimwomba radhi.

Hotuba zilikuwa ndefu. Kitambaa kilivutwa na majina yakaonekana, na watu wakasogea kuyapapasa kwa vidole. Chini ya ukuta palikuwa na nafasi tupu ya kutosha majina saba. Mwenyekiti alipokuwa akizungumza macho yake yaliangukia kwenye lile benchi, akapoteza mstari, akautafuta, akaendelea. Jua lilimpiga Mzee Mabeji utosini na koti lilikuwa zito, lakini hakulivua. Alikaa mpaka watu wakatawanyika na wenye spika wakaanza kukunja nyaya. Mmoja wao alimwambia, kwa upole, kwamba shughuli imekwisha.

Alirudi kwa miguu. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni, na ilionekana alikuwa amesimama muda. Alimvua koti mwenyewe kama mtoto, akaanza na bega lililo chini. Aliugeuza ukosi, akatazama kwamba beji ipo, akaufuta vumbi.

"Nani alikaa na wewe?" aliuliza.

"Hakuna."

Dada alitikisa kichwa polepole. Haikuwa kwa kumcheka, wala kwa furaha.

"Na yeye hakuna," alisema. "Ila yeye aliporudi alinikuta mimi hapa. Nilikuwa nimechemsha maji, akanawa, tukala. Miaka minne nilifanya hivyo kila siku. Wewe unarudi kwa nani, Kaka?"

Aliuliza kweli, bila ukali, kama mtu anayetaka kujua. Mzee Mabeji aliingiza mkono mfukoni, akazishika karatasi zilizobaki. Dada akasema koti linahitaji kuanikwa kabla jua halijazama, akaingia nalo ndani na kufunga mlango. Kaka akabaki kizingitini na karatasi kumi na sita mfukoni mwa suruali. Akasikia komeo likisukumwa, na halafu maji yakimiminwa kwenye birika, ya mtu mmoja.